Kipanya chepesi au chenye vitufe vingi?
Kabla hujanunua kipanya cha gemu kisichotumia waya, cheza jioni moja ukihesabu vitufe vya pembeni unavyobonyeza kweli. Mimi nilikuta viwili tu. Vingine kidole gumba kilivigusa kwa bahati mbaya kila nilipoinua kipanya. Kama unacheza gemu za kupiga risasi, chukua chepesi: Logitech G Pro X Superlight haifiki gramu 63, na mkono unaruka nayo bila kuchoka. Razer Naga Pro ina gramu 117, lakini bamba lake la vitufe 12 ni raha kwa gemu za mtandaoni zenye silaha na uchawi chungu nzima. Taa za rangi zizime, zinakula chaji bure.