Kabla Hujakatiwa Mita Dukani: Namna ya Kuchagua Mpira wa Kumwagilia Unaodumu

Nauza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa Mbezi Beach, Dar es Salaam: waridi, mabogonvilia, mipapai, miembe iliyobebeshwa. Udongo wa kwenye kifuko cheusi hauna akiba ya maji, na mwezi wa Januari ukikosesha mche maji ya jioni moja tu, asubuhi unaukuta umelala. Kwa hiyo mpira wa kumwagilia kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo. Naushika saa kumi na mbili asubuhi, naushika tena saa kumi na moja jioni, siku zote saba. Mteja akishalipia miche yake, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Mama, na mpira ninunue upi? Wa kwangu umepasuka tena." Naandika hapa yote ninayomjibu, pamoja na yale ambayo pale barabarani hatupati muda wa kuyamaliza.

Wengi huanza na rangi na urefu. Anza na maji yako. Simama kwenye koki ya uani ujiulize: maji haya yanasukumwa na nini?

Kama yanateremka kutoka kwenye simtanki lililo juu ya mnara, msukumo wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa kama bar 1 tu (bar ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo tenki lililopandishwa mita 3 na kitu linakupa theluthi ya bar hivi. Nguvu hiyo haipasui mpira wowote wa maana. Shida yake ni kwamba inaishia njiani, na dawa yake ni upana wa tundu. Mpira wa nusu inchi una tundu la milimita 13 hivi, wa robo tatu una milimita 19, na eneo la tundu la robo tatu ni zaidi ya mara mbili ya lile la nusu inchi. Nilipima mwenyewe kwa ndoo ya lita 20, mpira wa mita 30, tenki lile lile: nusu inchi ilichukua karibu dakika 3, robo tatu ikajaza kwa dakika 1 na sekunde kadhaa. Mwenye miche mia nne anajua maana ya tofauti hiyo. Mmoja anamaliza kabla jua halijapanda, mwingine bado ameshika mpira saa tatu.

Kama maji yanasukumwa na pampu, mambo yanageuka. Pampu ndogo ya nyumbani inaweza kufikisha bar 3 au 4. Zile zinazojiwasha zenyewe huendelea kuubana mpira hata wakati humwagilii, endapo umefunga maji kwa bunduki, ile ya kunyunyizia iliyo mbele ya mpira, na kuacha koki wazi. Hapa nusu inchi inatosha uwanja wa kawaida, lakini mpira lazima uwe na nyuzi ndani yake.

Somo hilo nililipia. Novemba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, nilikuwa nanunua maji ya boza. Jioni moja nilimaliza kumwagilia, nikafunga bunduki, koki nikaiacha. Mpira ulikuwa wa kijani, wa bei ya chini, hauna uzi hata mmoja, na miezi yote ulikuwa unalala juani. Usiku ukavimba karibu na koki, ukapasuka, na pampu kwa kuwa maji yanakwenda ikaendelea kusukuma. Asubuhi nilikuta tenki la lita 2,000 tupu, uani tope, na pampu imezunguka kavu mpaka sili yake imeungua. Boza la pili nililipata siku ya tatu. Mipapai haikunisubiri. Tangu siku hiyo nafunga koki kwanza, kisha naibonyeza bunduki kuyatoa maji yaliyobaki, na mpira usio na nyuzi haugusi pampu yangu.

Wenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, linaloingia moja kwa moja uani wachague kama wenye pampu, maana msukumo wa mtaani hubadilika: mchana unadondoka, usiku wa manane watu wakilala unapanda.

Urefu usiukadirie kwa macho. Chukua kamba, ifunge kwenye koki, ipitishe kona zote mpaka kwenye mmea wa mwisho, ongeza mita 2 au 3, basi. Mpira mrefu kupita haja unakula msukumo na unakuchosha. Mita 30 za robo tatu zikijaa maji zinabeba kilo 8 na nusu za maji peke yake, wakati nusu inchi ya urefu huo haifiki kilo 4. Kama anayemwagilia nyumbani ni bibi, hilo lifikirie kabla ya bei.

Tunauita mpira, lakini ulio mwingi madukani ni plastiki ya PVC iliyotiwa vilainishi ili ikunjike. Jua na joto huviondoa vilainishi hivyo kidogo kidogo. Ndiyo maana mpira uliokuwa laini kama utumbo siku ya kwanza, baada ya mwaka unakuwa mgumu, unakakamaa kwenye mikunjo na kuanza mistari midogo ya nyufa. Mpira wa kweli, ule mweusi mzito unaofanana na tairi, unavumilia joto kuliko plastiki na haukakamai haraka. Bei yake ni kubwa na kuuburuza ni kazi. Kwa mwenye uwanja wa zege unaochomwa na jua mchana kutwa, mimi nasema aununue. Kwa wengine PVC nzuri yenye tabaka tatu, uzi ukiwa katikati, inatosha kabisa ikitunzwa.

Ule unaopitisha mwanga uache. Ndani yake huota utando wa kijani, kisha vipande vinabanduka na kuziba tundu za bunduki. Ule wa bluu unaolala bapa kama mkanda ni wa kutolea maji ya pampu shambani, na ukikunja kona tu maji yanakatika. Ule unaojirefusha maji yakiingia ndani yake una mpira mwembamba sana, na jua letu haliuonei huruma.

Twende dukani. Mimi huenda Gerezani, Kariakoo, asubuhi kabla ya saa nne, wakati muuzaji bado ana subira ya kufungua rola. Naomba mambo haya, na duka linalokataa naliacha.

Kwanza namwomba anionyeshe mdomo uliokatwa. Hapo ndipo mpira unaposema ukweli. Unene uwe sawa mzunguko mzima, upande mmoja usiwe mnene na mwingine mwembamba. Nyuzi zionekane zimelala ndani ya plastiki, zimebanwa pande zote. Ukiona vitundu vidogo kama vya mkate, au chengachenga za rangi nyingine ndani, hiyo ni plastiki iliyoyeyushwa upya bila uangalifu. Jaribu kuzitenganisha tabaka kwa ukucha. Zikiachana dukani, nyumbani zitaachana na maji yatapenya katikati, utaona mpira unatoa malengelenge.

Pili nauminya kwa dole gumba mpaka ubonyee, kisha naachia. Mzuri unarudi mviringo papo hapo. Ukibaki bapa, ujue hivyo ndivyo utakavyobaki kila ukikanyagwa.

Tatu naukunja duara la kadiri ya sahani ya wali. Wa kawaida unaweza kukataa duara dogo hivyo, na si dhambi. Lakini ukivunjika shingo kwenye duara la ukubwa wa beseni, huo utakuwa unakurudisha nyuma kila hatua kwenda kuunyoosha, na pale unapovunjikia ndipo utakapopasukia.

Nne nasoma maandishi yake. Wenye viwanda makini huandika kipimo cha tundu na msukumo, kwa bar au PSI, na bar 1 ni PSI 14.5. Hapa angalia sana. Kuna msukumo wa kufanyia kazi na kuna msukumo wa kupasukia, na huu wa pili ni mkubwa mara kadhaa. Muuzaji atakutajia mkubwa. Wewe uliza wa kufanyia kazi, na uwe angalau mara mbili ya msukumo wa pampu yako, kwa sababu vipimo hivi huchukuliwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 20 za Selsiasi hivi, na mpira uliolala juani Dar una joto la kushindwa kuushika. Plastiki ikipata joto, nguvu yake inashuka. Kama mpira hauna maandishi yoyote, nabaki na mdomo wake na dole gumba langu, na mara nyingi sinunui.

Tano, urefu wa rola. Mara mbili nimeuziwa "mita 50" ambazo hazikufika 45. Siku hizi napima kwa tepu mzunguko mmoja wa katikati ya rola, si wa ndani wala wa nje, nahesabu mizunguko yote, nazidisha. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Wa mwisho niliyenunua kwake aliniambia, "Mama, pima tu, mimi mwenyewe hupima nikipokea mzigo." Huyo ndiye ninayemrudia.

Ukishaununua mpira mzuri, unaweza kuuua kwenye shingo, pale unapokutana na koki. Koki nyingi za uani zimekaa chini na zinatazama ardhi, mpira unatoka hapo na kukunjwa kwenda pembeni. Uzito wote wa maji unavuta mahali pamoja. Mwambie fundi bomba apandishe koki ifike kiunoni, au avalishe mwanzo wa mpira kipande cha mpira mpana zaidi, kama sentimita 30, kikae kama soksi ili shingo isivunjike. Konekta, vile viungo vya mpira, nunua za shaba. Za plastiki hupauka na meno yake hukatika ndani ya koki, ukaanza kazi ya kuchokonoa. Klipu za kukazia mpira ziwe za stenlesi, hasa kwa sisi wa karibu na bahari na wenye visima vya maji ya chumvi: klipu ya kawaida kwangu haimalizi hata masika mawili kabla kutu haijaila skrubu. Kufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kunafaa kwa dharura na kwa maji ya tenki. Kwa pampu unachomoka. Konekta ikivuja usiikaze mpaka ikatike, badilisha washa, ile pete ya mpira ya ndani, ni kitu kidogo sana na kila duka la vifaa linacho.

Jambo moja naomba lisipuuzwe na mwenye familia. Mpira wa bustani haukutengenezwa kwa maji ya kunywa. Maji yaliyolala ndani yake juani yamechota vitu vya plastiki, na ni ya moto kiasi cha kuunguza mche, sembuse mtoto aliyeweka mdomo. Yamwage chini mpaka yatoke ya baridi. Kama unautumia kujaza tenki la nyumbani kutoka kwa boza, tafuta mpira ulioandikwa kuwa ni wa maji ya kunywa, na uutenge kwa kazi hiyo tu. Tena usiache ncha ya mpira imezama kwenye ndoo ya sabuni au pipa la samadi wakati koki iko wazi. Maji ya bomba yakikatika ghafla, kama yanavyokatika kwetu, bomba linaweza kuvuta kinyume na kuyanywa yale ya kwenye pipa, na yakirudi yanaingia jikoni.

Kutunza kwenyewe ni dakika tano. Ukimaliza, funga koki, toa maji, viringisha mpira kwa duara kubwa na uuweke kivulini. Usiutundike kwenye msumari, utavunjika hapo hapo kila siku. Mimi nautundika kwenye rimu kuukuu ya gari iliyopigiliwa ukutani chini ya paa. Getini usiache gari lipite juu yake. Hata ule wenye nyuzi, tairi huzikata ndani bila wewe kuona nje, na wiki inayofuata unavimba pale pale.

Ukitoboka, usiufunge na nailoni. Kata sehemu mbovu kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, chovya ncha zote mbili kwenye maji ya moto zilainike, sukuma konekta ya shaba mpaka mwisho, kaza klipu kila upande. Mpira wangu wa sasa nilioununua 2023 una kiungo kimoja cha namna hiyo na unapokea pampu kila siku. Kile kipande kilichokatwa kihifadhi. Kikikatwa vipande vya shubiri moja na kuvishwa kwenye waya, ndicho ninachofungia mwembe mchanga kwenye kigingi chake, waya usije ukaukata ganda pepo za kusi zikianza.