Ukiniita bila kusema sababu, ubongo wangu utaitunga

"Una dakika mbili? Njoo mara moja."

Ujumbe huo nilimtumia mwenzangu mmoja Ijumaa, saa kumi jioni. Nilitaka kumuuliza kama angependa kuwapokea wafanyakazi wapya. Basi. Alipoingia uso umemshuka, mkononi kashika karatasi aliyoandika makosa matatu aliyodhani nimeyagundua. Sikuwa nalijua hata moja.

Nimeongoza timu ndogo kwa miaka kadhaa na siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za ubongo. Nilichokielewa ni kwamba ubongo ukikosa habari hauachi pengo. Unalijaza wenyewe, na bosi akishahusika, mara nyingi unalijaza kwa mabaya. Ndani yake, kushoto na kulia, kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi, ziitwazo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Hofu ikizidi, ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupima mambo na kuzuia ulimi, hulegea. Mtu uliyemtia hofu namna hiyo amefika kikaoni na nusu ya akili yake, halafu wewe unamwona mzito.

Kwa hiyo anza kwa kuondoa mishtuko isiyo na sababu. Mimi sasa naandika: "Njoo saa kumi, nataka tuongee kuhusu wafanyakazi wapya. Hakuna baya." Na kama lipo baya, nalitaja: "Kuna namba haikai sawa kwenye ripoti ya Jumanne, tuitazame pamoja kesho asubuhi." Usiandike "hakuna baya" wakati lipo. Ukidanganya mara moja tu, maneno hayo yamekwisha kazi.

Ikifika kwenye kuaminiana kazini, wakufunzi wengi hukimbilia oksitosini, "homoni ya upendo", na kuwaambia watu wakumbatiane. Mimi siwafuati. Ni kweli kwamba mwaka 2005 watafiti wa Zurich, Uswisi, waliripoti kuwa watu waliopuliziwa homoni hiyo puani waliwaamini wenzao kwa fedha zaidi, lakini majaribio ya baadaye ya kurudia jambo hilo hayakutoa jibu lilelile kila mara. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa Marekani, ndio ulionifaa. Watu walicheza wawili wawili huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine za MRI: mmoja anatoa fedha, zinaongezwa mara 3, mwenzake anaamua arudishe kiasi gani. Raundi 10. Mwanzoni, ishara ya nia ya kumwamini mwenzake ilijitokeza katika ubongo wa mpokeaji baada ya kuona alichopewa. Kadiri walivyozoeana, ishara hiyo ilisogea mbele, ikawa inatokea kabla hata hajaona kitu. Alikuwa ameshaanza kumbashiri mwenzake.

Huo ndio msingi wangu wote. Kuaminiana kazini ni kuweza kubashiriana. Huna haja ya kumpenda mtu. Unahitaji kujua akisema Alhamisi maana yake Alhamisi, na akinyamaza maana yake nini.

Hapo ndipo uwezo wa mtu binafsi unapoingia. Yapo madodoso yanayojulikana: moja huorodhesha nguvu 24 za tabia, jingine lina vipaji 34. Yanakupa maneno ya kuanzia, nami sina ugomvi nayo, ila nimeona watu wakibandika matokeo ukutani na kuishia hapo. Mimi humkalisha kila mtu peke yake na kumuuliza maswali matatu. Kazi gani ikitua mezani unaianza kabla hujaombwa? Ipi unaisukuma mbele hadi ikuchome? Ukinyamaza kikaoni, tuelewe nini?

La tatu ndilo lenye mali. Tulikuwa na kijana wa hesabu ambaye ukimya wake ulikuwa ukinikera. Nilishaamua moyoni kuwa anatudharau. Nilipomuuliza alicheka kidogo, akasema, "Nikinyamaza nahesabu. Nikikubali upesi, hapo ndipo uwe na wasiwasi." Miezi minane nilikuwa namsoma kinyume!

Ukishaujua uwezo wa mtu, upe nafasi yake kwenye ratiba, usiuache uzurure. Dakika 10 za mwisho za kikao chetu ni za kijana huyo: kazi yake ni kutafuta tundu kwenye mpango. Maswali ni yaleyale aliyokuwa akiuliza zamani na watu wakanuna. Sasa wanayangoja, tena wengine wanaziba matundu kabla hajafika. Tazama pia uwezo unapopita kiasi. Tuna dada mwepesi wa kuanzisha mambo, na kwa wepesi huohuo alikuwa akiwaahidi watu wa nje tarehe ambazo hatuziwezi. Tulikubaliana mbele ya wote: hatoi tarehe kabla ya kupita kwa kijana wa hesabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Makosa nayo yana ufundi wake. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani wa mambo ya timu kazini, alipochunguza timu za wahudumu wa hospitali miaka ya 1990, alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha ziliripoti mengi zaidi, na maelezo aliyofikia ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo mwezi ukipita bila mtu kukuletea kosa, usishangilie. Mimi hufungua kikao cha Jumatatu kwa kosa langu la wiki iliyopita, kosa lenye jina na tarehe, si ile toba ya jumla ya "nafanya kazi kupita kiasi". Mtu akileta lake, swali langu la kwanza ni "umeligundua lini?" Swali la "nani?" halipiti mdomoni mwangu siku hiyo. Na uso pia, jizoeze. Mimi nina mkunjo kati ya nyusi unaoongea kabla yangu.

Mwisho, ahadi ndogo, maana ndizo zinazobomoa. Chukua daftari, piga mstari katikati: kushoto ulichosema utafanya, kulia siku uliyokifanya. Mwezi wa kwanza nilikuta nimesema "nitakuangalizia" mara 11, upande wa kulia tarehe zilizojazwa ni nne tu. Ukiona ahadi inakushinda, sema kabla ya siku yake na utoe siku nyingine kamili: "Nilisema Alhamisi, sitafika, Jumatatu saa nne." Ukisubiri uulizwe umechelewa.

Daftari lenyewe liko wazi mezani. Siku hizi nikianza tu kusema "nita...", yule dada mwepesi hulisukuma mbele yangu pamoja na kalamu.