Ukiingia duka la Kijapani Arusha, geuza pakiti kwanza

Napikia wapanda Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame. Kundi likiwa na Wajapani, lazima nipande Kosta kutoka Moshi hadi Arusha kufuata vitu vyao. Duka ninaloenda ni chumba kimoja: upande huu vyakula, upande ule vitabu vya katuni, kadi na midoli. Jumamosi mchana vijana wanajaa mpaka mlangoni, kwa hiyo kama shida yako ni chakula, nenda asubuhi ya siku ya kazi. Msalimie mama mwenye duka kwa shikamoo, utaelekezwa vizuri zaidi.

Kisha anza kugeuza pakiti. Tarehe za Kijapani zinaanza na mwaka, mwezi, halafu siku: 27.03.08 ni tarehe 8 Machi 2027. Ukiona 賞味期限, wanakuambia ladha itakuwa nzuri hadi siku hiyo. Ikiwa imekaribia, omba punguzo bila aibu. Lakini 消費期限, yaani mwisho wa kuliwa, ikishapita, rudisha kwenye rafu.

Usiyekula nguruwe tafuta alama hii: 豚. Pombe ni 酒. Usiamini picha ya nje, maana tambi zenye picha ya mboga zinaweza kuwa na unga wa supu ya mifupa ya nguruwe. Mirin halisi, kiungo kitamu cha majimaji cha kupikia, ina pombe asilimia 14 hivi, ingawa imepangwa pamoja na sosi kana kwamba haina neno. Hata sosi nyingi za soya huongezewa alkoholi kidogo zisiote ukungu. Simu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia, ila karatasi inayong'aa huibabaisha. Isogeze pakiti mbali na taa.

Kwa miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa wa kutilia supu, anza na nyeupe. Nyekundu imechachushwa muda mrefu na ladha yake ni kali. Ikiandikwa だし入り, imeshatiwa kiungo cha supu, na mara nyingi hicho hutokana na samaki, kwa hiyo mgeni asiyekula samaki usimpe. Ukipika, epua sufuria kwanza. Chota miso kwenye upawa, iyeyushe na supu kidogo, ndipo uirudishe yote. Ukiiacha ichemke, harufu yake inakwenda na mvuke. Kambi ya Barafu, mita 4,673, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 85 hivi na wali unagoma kuiva, lakini miso haina taabu. Mgeni ambaye mwinuko umemkatisha hamu ya kula, bakuli hilo atalimaliza.

Mchele wao usinunue kwa ajili ya pilau. Unanata, na umetakiwa unate. Kwa chakula cha kila siku chukua wa Chekereni, huku Moshi, ambako Wajapani wenyewe walisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji miaka ya 1980. Na usishangae ukikuta kahawa yenye maandishi ya Kijapani inaitwa キリマンジャロ, yaani Kilimanjaro. Ndiyo hiyo hiyo ya kwetu, imekwenda kutembea na kurudi na bei mpya.

Upande wa vijana nina machache. Kitabu cha katuni cha Kijapani kinasomwa kuanzia kulia, na kikiwa ndani ya nailoni usikichane kabla ya kulipa. Kadi za Pokémon za Kijapani ni nzuri kukusanya, lakini mtoto aulize kwanza wenzake wanacheza na za lugha gani. Roboti za Gundam za kuunganisha hazihitaji gundi, zinahitaji koleo dogo la kukatia na mtu mwenye subira. Mdoli wa paka Hello Kitty asiye na jina la Sanrio, kampuni yenye haki zake, popote, mwache.

Bei zimebandikwa, kwa hiyo usivutane kwa pakiti moja ya tambi. Ukichukua boksi zima, hapo zungumza. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu ofisi hairudishi hela kwa maneno matupu. Chupa ya soya ifungwe mfuko wake peke yake, kizibo kikazwe. Mzigo wa jikoni ukishafika kichwani kwa mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, hakuna atakayeubembeleza.