Jinsi ya kuanzisha kriketi mtaani Chuga, kwa staili ya watu wa Vanuatu

Wengi hapa Chuga, yani Arusha, wakisikia kriketi wanawaza Wahindi, nguo nyeupe na majani yaliyokatwa kama zulia, basi wanageuza zao kwenda kubishana Simba na Yanga. Hata mi nilikuwa hivohivo mpaka nilipoanza kuwafatilia Vanuatu. Ni kinchi cha visiwa themanini na kitu huko Pasifiki, watu wake nchi nzima ni kama laki tatu hivi, yani jiji letu la Arusha peke yake linawazidi mbali. Sasa Aprili 2024 wadada zao walikuwa Abu Dhabi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, wakaing'oa Zimbabwe yote kwa mikimbio 61 tu, ndo pointi za kriketi hizo, halafu wakaipita hiyo 61 wakiwa bado na wiketi sita mkononi, yani wapigaji wao wanne tu ndo walikuwa wametolewa. Na hela ya safari ilibidi wachangishe mtandaoni, kama sisi tunavyosumbuana na michango ya harusi kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha timu, iwe Ngarenaro iwe Pasua kule Moshi, usianze na kutafuta mfadhili. Anza na kina mama.

Najua unacheka. Lakini Vanuatu chama chao cha kriketi kilipeleka mchezo vijijini kwa wanawake, wanacheza na magauni yao yale mapana ya maua, na kikaunganisha na mambo ya afya maana sukari na presha vinawasumbua sana kule. Mama akishacheza, binti haulizwi anaenda wapi Jumamosi. Hapo ndo siri ilipo, kwetu mtoto wa kike kutoka nyumbani saa tisa mchana kwenda "mazoezini" ni kesi, ila akienda na mama yake kesi imeisha.

Sisi wenzao tuna vikoba, tayari kina mama wanakutana kila wiki na wana mwenyekiti, mhasibu na faini za kuchelewa, yani ni klabu iliyokosa mpira tu. Mi niliingia kwenye kikoba kimoja Kijenge wakiwa wanafunga sanduku, nikasalimia shikamooni mama zangu, mmoja akaniangalia mkononi akasema, "Marahaba mwanangu, huo mwiko ni wa ugali wa msiba gani?" Wakacheka weee, lakini robo saa baadae huyohuyo amefunga kanga kiunoni anagombea zamu ya kupiga. Omba dakika ishirini tu baada ya kikao, usiombe siku nzima.

Huo mwiko sasa, ule ubao wa kupigia mpira niliokuwa nao mkononi. Sisi tunaita beti, manake ukisema gongo mtaani watu wanasikia kitu kingine na mjumbe anaweza akaja. Beti halali upana wake hautakiwi kuzidi sentimita 10.8, na mbao ya mbili kwa nne ina upana wa kama sentimita 10, yani ni kama imeumbwa kwa kazi hiyo. Nenda kwa fundi seremala, chukua ya mgrevilea iliyokauka, mbichi itapinda na ni nzito. Urefu kwa mtoto wa miaka kumi sentimita 75 zinatosha, mtu mzima mwisho ni 96.5. Mwambie fundi apige randa mgongoni kupunguza uzito ila upande wa mbele auache bapa, na mpini auchonge mviringo halafu uzungushie tyubu ya baiskeli iliyokatwa kama utepe, ukianzia chini kwenda juu, usipofanya hivyo mikono ya watoto itatoka malengelenge siku ya kwanza na ya pili hawaji.

Mpira usinunue ule wa ngozi, ni mgumu kama jiwe na bila pedi za kukinga miguu na helmeti utamtoa mtu meno. Chukua mpira wa tenisi uzungushie tepu ya umeme, ndo wanavyocheza Pakistan mitaani. Wiketi, zile za kusimamisha nyuma ya mpigaji ili mrushaji azilenge, ni fito tatu, urefu sentimita 71, zote tatu kwa pamoja upana 23, na kama ardhi imekauka kama ilivyo Januari hazichomeki, basi simamisha kreti la soda maisha yaendelee.

Kwa uwanja chukua kamba ya katani, pima mita 20 na sentimita 12, ndo umbali wa kutoka wiketi za upande huu mpaka za upande wa pili, na njia hiyo ya katikati ndo inaitwa pichi, funga fundo kila mwisho, hiyo kamba itunze kama hati ya kiwanja. Watoto wadogo wafupishie mpaka mita 16. Kama ni uwanja wa shule pata ruhusa kwa maandishi, mimi niliahidiwa kwa mdomo sehemu moja, nikafyeka, nikasawazisha na reki wiki mbili, Jumamosi ya mechi nakuta maturubai ya harusi na spika zimesimama katikati ya pichi yangu.

Kitu kitakachokutoa jasho ni kurusha. Vijana wetu wamezoea kurusha mawe kwenye maembe, kiwiko kinakunjwa halafu kinafyatuka, na kwenye kriketi hiyo ni kosa. Waambie mkono uzunguke ulionyooka mpaka upite kwenye sikio, na wafanye kwanza bila kukimbia, bila mpira, mara ishirini ishirini. Mi huwa nawawekea kijiti cha muwa pembeni ya sikio, mkono usipokigusa anarudia. Mechi za mwanzo weka watu wanane wanane, ova nane kila timu, ova moja ni mipira sita, yani kila timu inarushiwa mipira 48, kila mtu arushe ova moja na kila mtu apige hata kama ametolewa mapema. Ukiwaachia mafundi wawili wapige mechi nzima wengine sita wanakuwa wamesimama juani kama nguzo za Tanesco.

Na kabla hujanunua hata jezi tafuta mwandishi wa skoa. Hapa siongei utani, kaunta buku moja na binti anayependa hesabu wana thamani kuliko beti tano. Kila mpira aandike, nukta kama hakuna kitu, namba kama kuna mikimbio, W kama wiketi imeanguka, yani mpigaji katolewa, na juu ya ukurasa tarehe na majina ya waliokuja. ICC, chombo cha kriketi cha dunia, inazitaka nchi ndogo zipeleke hesabu za watu wanaocheza, na Vanuatu waliingia humo tangu 1995 bila utajiri wowote. Ukienda kwa afisa michezo wa halmashauri kuulizia usajili wa klabu, daftari lenye miezi sita ya majina linaongea kuliko mdomo wako. Hilohilo ndo utaenda nalo kwa watu wa Tanzania Cricket Association, wao ni wanachama wa ICC toka 2001 na vijana wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa hiyo mlango upo, usiende tu mikono mitupu.

Mechi zenu zirusheni laivu, simu moja juu ya stendi inatosha. Aprili 2020 dunia nzima ya michezo imefungwa na korona, Vanuatu wakarusha mechi za ligi ya wanawake na watu wa nchi nyingine wakakaa kuangalia kwa sababu kriketi nyingine hakuna popote.

Ratiba panga kwa mvua. Masika Machi mpaka Mei uwanja wa udongo Chuga ni tope, tumia hiyo miezi kufundishia sheria na skoa ndani ya darasa, mechi zianze Juni ingawa kuna baridi na asubuhi watoto wanakuja na masweta mawili mawili. Mipira nunua angalau minne kwa mwezi, mmoja utaingia mto Themi, mmoja utapasuka, mmoja utaangukia kwa yule jirani mwenye mbwa, wa nne ndo wa mechi.