Kuhama na sungura kwa ndege kutoka Mwanza

Sungura anayesafiri kwa ndege ana maadui wawili wakubwa: joto, na utumbo kusimama. Mngurumo na mtikisiko humtia hofu, hofu humfanya aache kula, na utumbo wake ukikaa mtupu kwa saa 12 hivi huanza kulala, gesi ikajaa. Panga kila kitu ukiyafikiria hayo mawili.

Kwanza, usimshindishe njaa. Ushauri wa kumnyima mnyama chakula kabla ya safari ni wa mbwa na paka, ambao wanaweza kutapika. Sungura hawezi kutapika kabisa. Ale nyasi mpaka dakika unayomwingiza kwenye boksi, na humo ndani azikute nyingine. Dawa ya usingizi pia ikatae. Hupunguza kasi ya utumbo, huvuruga uwezo wa mwili kujirekebishia joto, na mashirika ya ndege kwa kawaida hayampokei mnyama aliyeleweshwa.

Kama tarehe iko mikononi mwako, hama kati ya Juni na Agosti. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku hewa yake hupoa. Ukishuka Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, sungura wako anatua kwenye joto zito lenye unyevu ambalo hajalizoea. Chukua ndege ya asubuhi kabisa, kwa sababu hatari kubwa haiko angani, iko pale boksi linaposubiri kupakiwa juani. Unayetoka Ukerewe, vuka siku moja kabla, mnyama alale Mwanza apumzike. Wa Sengerema na Geita wamepunguziwa adha ya foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini bado safirini kabla jua halijapanda.

Usilipie tiketi yako kabla ya kuuliza: mnapokea sungura? Anakaa nami juu, anakwenda na mizigo yangu, au anasafirishwa kama shehena peke yake? Shirika linaloruhusu paka kukaa na abiria linaweza kumkataa sungura. Akiwa anakwenda chini, uliza kama ndege ya safari hiyo ina sehemu ya mizigo yenye hewa na joto linalofaa wanyama. Herufi AVI ndizo alama ya mnyama hai kwenye usafiri wa ndege. Hakikisha zimo kwenye nafasi yako, maana taarifa hiyo ndiyo inayomfikia rubani. Kama unaunganisha ndege, uliza nani atalihamisha boksi na litasubiri wapi.

Daktari wa mifugo wa halmashauri ndiye wa kumwona kwa cheti cha afya na kibali cha kusafirisha. Nenda mapema ukaulize, lakini cheti chenyewe kiandikwe siku chache kabla ya safari, kwa kuwa cha zamani hukataliwa. Kwa safari ya nje, anza na masharti ya nchi unayohamia. Australia, kwa mfano, haipokei sungura wa kufugwa isipokuwa kutoka New Zealand.

Sasa boksi, na hapa usibane matumizi. Sungura wa kilo 2 hadi 3 anahitaji takribani sentimita 50 kwa urefu, 35 kwa upana na 35 kwa kimo: asimame, ageuke, ajinyooshe. Liwe la plastiki ngumu lenye matundu ya hewa pande zote na mlango wa chuma. Boksi la karatasi hulowa mkojo na kugugunwa, na waya wa kuku una matundu yanayonasa miguu. Chini tandika magazeti, juu yake maranda makavu sentimita 3, kisha nyasi kavu tele. Wapo wanaotandika nepi za watoto. Zinanyonya vizuri, ila akiitafuna, ile chembechembe ya ndani huvimba tumboni.

Chupa ya maji ya kuning'iniza huvuja ndege ikipanda. Funga kikopo mlangoni kwa waya, jaza nusu, kigandishe usiku uliotangulia ili maji yayeyuke taratibu. Ongeza vipande vya tango na matembele machache aliyoyazoea. Kabichi iache, inaleta gesi.

Boksi liwekwe bandani wiki mbili au tatu kabla, mlango wazi, alie humo chakula. Wawili wanaoishi pamoja kwa amani wanaweza kusafiri pamoja shirika likikubali. Madume wasiohasiwa watenge. Jike mwenye mimba asisafiri, na mimba ni siku 31 tu, kwa hiyo hesabu vizuri.

Ukimpokea, tazama masikio na pumzi. Masikio ya moto, pua iliyolowa na kupumua mdomo wazi ni joto limemzidi: mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya baridi kiasi, yasiwe ya barafu, usimtumbukize, na mpigie daktari.

Kisha hesabu kinyesi. Punje ndogo kavu zinaashiria utumbo umepungua kasi, mpe nyasi na majani mabichi. Asipokula wala kunya kwa saa 12, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Uji wa pelleti (chakula cha sungura cha punje kavu) kwa bomba la sindano lisilo na sindano unasaidia, lakini tumbo likiwa gumu kama ngoma usimlazimishe kitu.

Beba pelleti zake za wiki mbili, na maji ya nyumbani lita 3 kwenye mzigo. Sungura akionja maji mageni anaweza kugoma kunywa, na asiyekunywa hali. Yachanganye na maji ya huko kidogo kidogo kwa siku tatu au nne, na boksi lilelile libaki chumbani wazi, na nyasi zenye harufu yake, mpaka aanze kutoka mwenyewe.