Namna ya Kufuatilia Simulizi za Kale Zinavyobadilika: Mfano wa Mapango ya Amboni

Anayetaka kujua jinsi imani na visasili vinavyobadilika katika kurithishwa asianze kwa kuitafuta simulizi ya asili, kwa kuwa mara nyingi haipatikani. Achague mahali pamoja, akusanye masimulizi mengi ya mahali hapo, kisha ayalinganishe. Kwa aliyeko Tanga, Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini mwa jiji, yanatosha.

Tangulia kwa wazee wa vijiji vya jirani ukiwa umepelekwa na mwenyeji, uwaamkie, ueleze nia yako na uombe ruhusa ya kurekodi. Katika pango la mzimu utakuta sadaka za watu, kama vile vitambaa, sarafu na chupa za marashi. Usiziguse wala usizipige picha bila idhini, kwani aliyeziweka ana shida yake aliyoileta pale kwa moyo wote.

Mwache msimulizi amalize, ndipo umuulize alisikia kwa nani na katika shughuli gani. Mwongoza watalii na mzee wa tambiko hawasimulii kwa shabaha moja.

Sikiliza hasa wanavyomtaja mwenye pango. Yule ambaye mzee mmoja atamwita mzimu wa mababu, Mwislamu aliyesoma madrasa anaweza kumweka miongoni mwa majini, ambao Kurani inawataja, na mlokole akamhesabu kuwa pepo wa kukemewa. Andika na matendo yao pia: nani hufukiza ubani, nani husoma dua, nani hukataa hata kukaribia. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu tambiko huweza kudumu mahali palepale huku maelezo yake yakigeuka kabisa.

Kisha tafuta vipengele unavyoweza kuvikadiria umri. Osale Otango, anayekumbukwa kwa kujificha mapangoni humo alipokuwa akisakwa na serikali, ni mtu wa miaka ya 1950, zama za ukoloni wa Mwingereza. Kwa hiyo simulizi yoyote isemayo kuwa mizimu ilimkinga haiwezi kuwa na umri mkubwa zaidi ya hapo, hata ikisimuliwa kama jambo la kale. Angalia pia anayemwita mhalifu na anayemwita mtetezi wa wanyonge.

Wapo pia wasemao kuwa njia za mapango hufika Mombasa au Kilimanjaro, ilhali upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina takriban mita 900. Usikitumie kipimo hicho kumbishia mtu. Mdomo wa pango kila mtu anauona, lakini mwisho wake gizani hauonekani, na hapo ndipo simulizi hupata nafasi ya kurefuka.

Baada ya miezi kadhaa rudi kwa msimulizi wa kwanza, umwombe akusimulie tena. Unapoandika, usiyachanganye masimulizi yote yakawa hadithi moja iliyonyooka. Yaweke sambamba, kila moja na tarehe yake, na jina la msimulizi ulitaje kwa ridhaa yake tu.