Mabingobingo Yakipita Mita 1, Mmechelewa

Ndugu wafugaji, hili tumelisema sana kwenye mashamba darasa, lakini mashamba ya vikundi vya ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe na Njombe bado yamejaa mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe, yanayompita mtu kimo. Mnafurahi kwa kuwa mzigo unaonekana mkubwa. Majani ya kimo hicho shina lake limeshakomaa na protini imeshuka. Ikiteremka chini ya asilimia 7, vijidudu vinavyomeng'enya chakula tumboni hukosa nguvu. Ng'ombe anashiba huku maziwa yanapungua. Kisha mnaingia mfukoni kununua mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta!

Kateni yakifika mita 1. Chukueni fito, itieni alama mbili, sentimita 10 na mita 1, ikae shambani muda wote. Wakati wa mvua kimo hicho hufikiwa wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kukata. Kiangazi huchukua muda zaidi, kwa hiyo angalieni fito, si kalenda. Shamba jipya ndilo la kusubiri miezi 3 hadi 4, mizizi ishike kwanza.

Alama ya sentimita 10 ni ya kisiki. Wapo wanaokwangua hadi kwenye udongo, wakaua machipukizi. Wapo wasiotaka kuinama, wakaacha visiki vya kufika magotini, na shina likachipua vitawi vyembamba ubavuni. Wote wawili wanalimaliza shamba la kikundi. Inameni.

Najua mnachelewa kwa nini: mnapanga siku moja ya kukata shamba zima, inakuja kuahirishwa kwa msiba, mara mnada, mara mvua. Acheni utaratibu huo. Gaweni shamba vipande 8, mkate kimoja kila wiki, na kila kipande kiwe na mwanachama anayewajibika. Wakati wa mvua, mkimaliza cha 8, cha kwanza kiko tayari. Samadi iwekwe katikati ya mistari siku ileile ya kukata. Hili nalo mnalipuuza mno. Mkipatia, horini hayabaki mashina.

Mvua ikikolea majani yatawazidi. Msiyaache yasimame eti ni akiba ya kiangazi. Kateni kwa kimo kilekile, yanyauke siku 1, myakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3, mchanganye molasi kilo 3 kwa kila kilo 100 za majani, mshindilie mpaka hewa itoke, mfunike. Hiyo ndiyo sailaji, majani yaliyovundikwa bila hewa; msiifungue kabla ya siku 30.